Tairi la Kufika Mwaka Mpya

Alhamisi, 14 Novemba 1996

Mawingu yamekaa juu ya Mpanda tangu asubuhi, hayataki kunyesha wala kuondoka. Joto la kunata. Niliamka nimechoka, na sasa ni saa kumi na moja jioni, bado nimechoka uchovu uleule, haujabadilisha hata shati.

Naandikia hapahapa kibandani, Kashaulili, juu ya meza ya cherehani. Kuna sare mbili za shule za kumalizia kabla sijafunga kurudi nyumbani Nsemulwa. Sijazigusa. Mwenye nazo atakuja kesho na maneno yake, na atakuwa na haki.

Habari ya leo ni tairi la baiskeli. Ni habari ndogo, najua. Lakini tangu saa nne asubuhi sina nyingine kichwani, na nisipoiandika nitakwenda nayo kitandani.

Baiskeli yangu haina friwili. Ilikuwa nayo zamani, kama za watu wote: ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea na miguu inapumzika. Mwaka jana ikaanza kuteleza. Unakanyaga, pedeli zinazunguka, baiskeli imesimama tuli inakutazama. Nikabadilisha. Ya pili ikakaa miezi miwili. Ya tatu ikafia katikati ya pori, sijafika Sitalike, na mfukoni nina dawa za mayu.

Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu. Moyo wake umechoka, miguu inavimba, pumzi hazitoshi. Hospitali hapa mjini wanatoa dawa za wiki mbili mbili, kwa hiyo kila Jumamosi ya pili nazipeleka kijijini Sitalike, nalala, Jumapili narudi. Mdogo wangu Ndaki ndiye anayekaa naye. Yeye na mkewe wanamwogesha, wanamgeuza, wanamlisha, na bado wana ng'ombe na mashamba. Kazi yangu mimi ni dawa tu. Malori yapo, ila lori la kuelekea Sumbawanga linakuja siku linapopenda, na mvua zikianza usilitegemee kabisa.

Siku ile friwili ilipokufa nilisukuma mpaka jua likazama. Nikaomba hifadhi kwa watu njiani kwa kuogopa simba. Nilipofika kesho yake nilimkuta mayu amekaa, ameegemea ukuta, anavuta hewa kwa mdomo, macho yamemtoka. Alikuwa amekosa dawa siku moja tu. Ndaki hakunisemesha hadi mchana.

Niliporudi mjini nikamwambia Kulwa, fundi wangu wa baiskeli: chomelea. Alidhani natania. Nikarudia, chomelea friwili yote na habu ya gurudumu iwe chuma kimoja, sitaki kitu kinachoweza kukatika. Akachomelea kwa gesi. Tangu hapo gurudumu na pedeli ni kitu kimoja. Gurudumu likienda, miguu iende. Kwenye mteremko miguu inazungushwa mbio kama ya mtu anayefukuzwa, mbung'o wanakuuma mgongoni na huwezi kusimama kuwapiga. Haikatiki, haitelezi, sijachelewa tena hata siku moja.

Ila haipumziki. Na mimi juu yake sipumziki.

Jumapili iliyopita, nikirudi, tairi la nyuma likapasuka. Nilikuwa sijafika nusu ya njia. Nikafanya wanavyofanya watu wa barabara ile: nikang'oa majani, nikayashindilia ndani ya tairi mpaka likajaa, nikapanda. Kwa baiskeli ya kawaida majani yanakufikisha. Kwa ya kwangu yalisagika yakawa uji, maana kila nikitaka kupunguza mwendo nazuia kwa miguu, na gurudumu linaburuzika. Raba za breki zilikwisha siku nyingi, sijazinunua. Nikashuka, nikatembea mpaka mjini. Nilifika nyumbani Nsemulwa nikanywa maji vikombe vinne nimesimama.

Leo asubuhi nikampelekea Kulwa lile tairi. Aliligeuza mikononi, akacheka.

"Fundi, tairi lako halijaisha. Limeisha hapa tu."

Kweli. Nikatoa futi kamba yangu shingoni nikapima, mazoea ya kazi. Upara ulikuwa na urefu wa shibiri moja, nyuzi zimechungulia, katikati limetoboka. Kwingine kote raba bado nzima, mistari inaonekana. Kulwa akachukua chaki akahesabu meno ya giya. Mbele arobaini na nne, nyuma ishirini na mbili. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili kamili, wala halizidi. Na mimi nikizuia, siku zote nazuia mguu wa kulia ukiwa mbele. Basi mwaka mzima nimekuwa nikiliburuza tairi palepale, shibiri ileile, kila kilima, kila kona, kila mbuzi aliyekatiza.

Tairi zima limekufa kwa ajili ya shibiri moja. Nilicheka na mimi, lakini cheko langu halikuwa refu.

Kulwa akaniambia ninunue jipya, na nilichague kwa akili, maana baiskeli ya kuchomelea inakula matairi ya nyuma kuliko baiskeli ya mtu mwingine yeyote. La mbele halina shida, hilo linafuata tu. Nyuma ndiko kwenye kazi.

Kwa hiyo nikaenda dukani kwa Mzee Hamadi, muuza vipuri, anayepokea mizigo yake kwa treni ya Tabora. Ni mtu wa maneno machache na tasbihi, na anajua safari yangu kwa sababu friwili zote mbili za kubadilisha nilinunua kwake. Hakuniuzia friwili mbaya kwa makusudi, nataka hilo nalo liandikwe. Aliniuzia alizoletewa.

Kuchagua tairi nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Mzee Hamadi alinifundisha kama mwanafunzi. Usichukue lililotundikwa mlangoni, limepigwa na jua, likunje uone: raba inapasuka vijistari vidogo kama kisigino cha kiangazi. Chukua la ndani, lenye karatasi bado. Bonyeza kwa ukucha. Alama ikibaki, raba ni laini mno, itaisha kwa kuburuzwa. Yenye meno marefu yanavutia macho, yanafaa kwenye tope, lakini kwa mtu anayezuia kwa miguu meno yanang'oka moja moja. Bora lenye mistari mifupi iliyobanana. Halafu geuza ndani, tazama nyuzi, zimelala karibu karibu au zimeachana? Hapo nilimpata vizuri. Nyuzi ni mambo yangu.

Mwisho akaweka mawili juu ya kaunta.

La kwanza jepesi, jembamba, bei ya mtu kama mimi. La pili zito, jeusi tii, nyuzi zimebanana kama turubai, bei mara mbili. Nililinyanyua nikahisi kwenye kiwiko.

"Hili jepesi litakaa muda gani?"

"Kwa mtindo wako, mwezi na nusu. Miwili, ukilihurumia."

"Na hili?"

"Hili utalichoka wewe." Akavuta punje mbili za tasbihi. "Inategemea. Ile njia ya Sitalike bado utakwenda muda gani, fundi?"

Nikajibu haraka, kama ninavyomjibu mteja anayeuliza nguo yake itakuwa tayari lini.

"Mpaka mwaka mpya hivi."

Mzee Hamadi hakuniuliza halafu nini. Alinitazama kidogo, akashusha macho, akalichukua lile jepesi akalifunga kwa utepe wa mpira.

"Basi hili litakufikisha," akasema.

Nikashukuru. Nikalipa. Nikatoka na tairi begani. Nilikuwa nimeshafika kwa wauza dagaa ndipo nikasikia nilichokisema.

Nimempimia mama yangu tairi.

Mwaka mpya haukutoka hewani. Mwezi wa tisa mganga wa zamu alinivuta pembeni kwenye korido ya hospitali akaniambia polepole, mama akiuona mwaka mpya mshukuru Mungu. Sikumwambia mtu. Si Ndaki, si mke wangu. Nililiweka neno lile mahali nikadhani nimelisahau. Kumbe nimekuwa nikiishi nalo. Kumbe limekuwa likinisaidia. Kila nikipanda kile kilima cha kwanza baada ya mji, magoti yanawaka, kuna sauti ndani inasema: bado safari saba. Bado sita. Bado tano. Na mimi nilidhani nahesabu vilima.

Nitaandika kwa sababu hakuna pengine pa kuandika. Nimechoka. Wiki nzima nakanyaga cherehani, mwisho wa wiki nakanyaga baiskeli, na vyote viwili havitaki mguu utulie. Magoti yangu ni ya mtu wa miaka sabini, mimi nina arobaini na sita. Kuna Jumamosi naamka alfajiri, naziona zile dawa kwenye karatasi yake ya khaki, na kitu cha kwanza kinachonijia ni hasira. Kuna siku nataka iishe.

Sitaki afe. Nataka safari iishe.

Nimeitazama sentensi hiyo muda mrefu. Naogopa kwamba ni jambo moja nimelivalisha nguo mbili.

Na si tairi tu. Niliporudi kibandani nikaketi, jicho likaangukia gauni la mayu, limekunjwa kwenye rafu. Safari iliyopita alinipa kitenge alichopewa na mke wa Ndaki, cha buluu, chenye michoro ya majani ya migomba. Akanishika mkono, mkono wake mwepesi siku hizi, akasema, "Nishonee gauni. Uache nafasi kiunoni, Masanja, usinibane. Nitanenepa." Mke wa Ndaki akacheka, mayu naye akacheka mpaka akakohoa. Nikampima pale kitandani. Jumatatu nikakata kitambaa, nikashona. Leo nimelifungua nikalipima tena kwa futi kamba. Nimekata kwa kipimo kilekile cha mwili wake wa sasa. Sikuacha hata inchi ya mshono wa kufumua. Mimi, fundi wa miaka ishirini, ninayeachia nafasi hata suruali za watu wasionilipa vizuri.

Sikuweza kushona tena. Nilikaa tu, mguu juu ya pedeli ya cherehani, nimeuzuia.

Mke wangu, Mama Neema, alikuja na chakula saa saba. Ugali na dagaa wenye pilipili. Akaliona tairi limeegemea mguu wa meza. Si mtu wa kuuliza mambo ya baiskeli, lakini alilishika, akalibonyeza kwa kidole gumba kama anabonyeza embe sokoni.

"Baba Neema, hii tairi ni ya kwenda nayo wapi?"

"Sitalike."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nimewahi kumdanganya kwa mambo makubwa kuliko hili na uso wangu ukatulia. Leo ulikataa. Nikamwambia yote, la mganga, la mwaka mpya, la dukani. La gauni pia. Nilisema nikitazama bakuli.

Nilitegemea anisute. Nilitaka anisute, kusema kweli, ningejitetea, ningesema wewe hujui kile kilima. Hakunisuta. Alivuta kigoda akakaa, akaanza kuchambua mawe madogo kwenye dagaa wangu kwa vidole, kama anamlisha mtoto.

"Mimi nilimwomba Mungu kazi ya kumuuguza mama yangu iishe," akasema. "Unakumbuka alivyolala mwaka mzima pale kwa kaka? Nilikuwa nafua mashuka naomba. Ikaisha." Akasukuma bakuli mbele yangu. "Kula, ugali unapoa."

Basi. Miaka kumi na tisa tumeoana na sikuwahi kujua hilo. Nilimkumbuka kwenye msiba ule, alivyolia kuliko dada zake wote hadi wakamshika. Nilidhani ni uchungu tu. Leo nimejua alikuwa analia na nini.

Nilikula. Sikusikia ladha ila pilipili.

Alipoondoka nikachukua tairi, nikachukua na pesa niliyoiweka kwa ajili ya mabati ya jikoni, nikarudi kwa Mzee Hamadi. Njiani nilikuwa natunga uongo. Nitasema saizi si yenyewe. Nitasema Kulwa amelikataa. Nilipofika hakunipa nafasi hata ya salamu ndefu. Aliinama chini ya kaunta akatoa lile zito, limeshafungwa kwenye karatasi, limeshapigwa kamba.

"Sikulirudisha juu," akasema. "Nikasema, fundi akishakula atarudi."

Nikahisi machozi, nikajifanya natafuta pesa mfuko wa nyuma. Mzee wa watu akageuka akapanga vipuri vyake vilivyokuwa vimeshapangika.

Kulwa alihangaika nalo nusu saa. Ukingo wake mgumu, haukutaka kuingia kwenye rimu. Akatumia maji ya sabuni, vyuma viwili, goti, na matusi ya Kisukuma ambayo mayu angeyasikia angemchapa. Lilipoingia akalijaza upepo, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Linalia kama mlango mzito. Halafu akachora alama ya chaki penye vali, akanipa masharti. Kila mwezi nitoe upepo, nilisogeze tairi shibiri moja juu ya rimu, nijaze tena, ili lisiburuzike sehemu moja. Na nijifunze kuzuia kwa mguu wa kushoto pia, goti la kulia lipate nafuu.

Nimejaribu hapo barabarani mbele ya wateja wake. Mguu wa kushoto haujui lolote. Nusura niingie kwenye beseni la mama wa maandazi. Watu wamecheka, na mimi nimecheka, yeye ametukana, nimeomba radhi. Ndicho kicheko changu cha kweli cha leo.

"Ukiligeuza hivyo bila uvivu," Kulwa akasema, "miaka mitatu, fundi. Mitatu kamili."

Nikahesabu bila kutaka. Safari ishirini na sita kwa mwaka. Sabini na nane. Sabini na nane kwenda na sabini na nane kurudi, kilima kile, mbung'o wale, magoti haya. Natamani niandike kwamba moyo wangu umekuwa mwepesi. Haujawa. Nililitazama tairi lile nikahisi kama mtu aliyetia sahihi karatasi bila miwani. Sijui hata kama nimelinunua kwa kumpenda mayu au kwa kujionea aibu mbele ya Mzee Hamadi na Mama Neema. Labda kesho nitajua. Labda nisijue kamwe, na tairi litazunguka vilevile.

Mganga anaweza kuwa na kweli yake. Amesoma, mimi sijasoma. Huenda mayu asifike hata Krismasi, na tairi hili libaki ukutani jipya, na kila nikilitazama likanisemesha. Hilo nalo nimelifikiria. Lakini afadhali libaki tairi kuliko abaki mtu ambaye mwanawe alishamhesabia siku zake.

Wauza nyanya wanafunga. Sare za shule nitazimaliza kesho alfajiri, na gauni nitalifumua kiunoni. Kitambaa kilichobaki kinatosha kuunga pande mbili, mshono utaonekana kidogo, nitamwambia ndiyo mtindo wa mjini. Jumamosi ya wiki ijayo naondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijakasirika.

Na wewe mayu, huko uliko umeegemea ukuta wako, sikiliza, maana mbele yako sitaweza kuyasema haya. Nimechoka. Nimechoka sana, na nilishaanza kukuhesabia siku kama mpangishaji. Nisamehe. Nimekuletea tairi la miaka mitatu.

Limalize lote, mayu. Usinibakizie.